Baba Aliyemtoa Mwanawe Uwanjani

Jumanne tarehe 15 Agosti 2006, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, Kenya ilikuwa ikicheza na Bangladesh mechi ya tatu na ya mwisho ya msururu wa mechi za siku moja. Mbili za kwanza Kenya ilikuwa imeshapoteza. Hitesh Modi, mpigaji wa mkono wa kushoto, akagongwa mguuni na mpira. Wabangladeshi wakapaza sauti kumlilia mwamuzi. Mwamuzi akainua kidole: mguu mbele ya wiketi, mpigaji ametoka. Mwamuzi huyo aliitwa Subhash Modi, na aliyemwonyesha njia ya kurudi kibandani alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Wanaotunza kumbukumbu za mchezo huu huihesabu siku hiyo kuwa ya kwanza katika kriketi ya kimataifa kwa baba kumtoa mwanawe kwa kosa hilo. Magazeti ya michezo yaliliokota jambo hilo kama kioja kidogo cha wiki, kisha yakaendelea na mengine. Habari kubwa ya siku ilikuwa Mashrafe Mortaza, mrushaji wa Bangladesh, aliyeangusha wiketi sita kwa mikimbio 26 tu, takwimu ambazo Mbangladeshi yeyote hakuzipita kwa miaka mingi iliyofuata. Kenya ilishindwa tena. Bangladesh wakarudi kwao na ushindi wa mechi zote tatu.

Lakini uamuzi ule unastahili kutazamwa upya, na kwa utulivu zaidi kuliko ulivyotazamwa wakati ule. Siku tano baadaye, jijini London, mwamuzi mwingine alitoa uamuzi uliovunja mechi, ukaharibu kazi yake na kuwagawa wakuu wa kriketi duniani kwa miaka. Maamuzi hayo mawili, mmoja wa Nairobi na mmoja wa London, yakiwekwa bega kwa bega, yanaeleza kazi ya uamuzi kuliko kitabu chochote cha sheria.

Subhash Modi alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Hitesh alizaliwa Kisumu mwaka 1971. Kati ya miji hiyo miwili mna historia ndefu ya familia za Kihindi zilizoshika biashara kutoka pwani hadi ziwani, na zilizobeba kriketi kila zilikohamia. Nairobi, Mombasa na Kisumu zilipata vilabu na ligi. Kitale na Bungoma pia zilikuwa na maduka ya Wahindi barabarani, lakini huku kwetu mchezo uliokita mizizi ni mwingine. Mtu akitaja michezo ya shule Trans Nzoia, wengi watamtajia kandanda na hoki ya St. Anthony's Kitale. Akivuka kwenda Bungoma ataambiwa habari za hoki ya Friends School Kamusinga. Kijana wa hapa Kiminini, Trans Nzoia, anaweza kumaliza shule bila kuwahi kushika mpira wa kriketi mkononi.

Hata hivyo kuna miaka ambayo hata Kiminini ilijua majina ya wachezaji wa kriketi. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya iliishinda West Indies katika Kombe la Dunia. Kenya ilipata mikimbio 166, na West Indies, pamoja na Brian Lara wao, wakaangushwa wote kwa 93. Hitesh Modi alikuwa katika kikosi hicho pamoja na Maurice Odumbe, Steve Tikolo, Thomas Odoyo na Asif Karim. Alikuwemo tena mwaka 2003, Kenya ilipoipiga Sri Lanka hapo hapo Gymkhana, Collins Obuya akichukua wiketi tano, kisha ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia na kukutana na India mjini Durban. Hakuna nchi nyingine isiyo mwanachama kamili wa Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, iliyowahi kufika hapo.

Kwa hiyo kijana aliyetolewa na baba yake mwaka 2006 hakuwa mgeni wala mchezaji wa kujaza nafasi. Alikuwa na umri wa miaka 34, amecheza zaidi ya mechi 60 za kimataifa za siku moja, na kila wiketi ilikuwa na uzito katika timu iliyokuwa ikihangaika kurudisha heshima ya 2003.

Ni vyema kueleza mwamuzi anafanya nini hasa kabla kidole hakijainuka.

Mwamuzi anayetoa uamuzi huo husimama nyuma ya vijiti vya upande wa mrushaji. Kutoka vijiti hivi hadi vile vya pili ni mita 20 na kidogo. Mrushaji anapopita ubavuni mwake, mwamuzi hutupa jicho chini kwanza kuona mguu wa mbele umekanyaga wapi, kwa sababu ukivuka mstari mpira ni haramu na hakuna atakayetolewa kwa mguu mbele ya wiketi. Kisha macho yanapanda haraka kuutafuta mpira uliokwisha kuachwa mkononi. Mpira wa kasi ya kilomita 140 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde hiyo mwamuzi anatakiwa kuona ulipodunda, ulipomgonga mpigaji, na kama uligusa gongo kabla ya kugusa pedi. Baada ya hapo inabaki kazi ngumu kuliko zote: kukisia mpira ambao haukuendelea ungekwenda wapi laiti mguu usingeuzuia.

Sheria yenyewe, ya 36 katika kitabu kinachotunzwa na klabu ya MCC ya London, haina huruma wala chuki. Mpira ukidunda nje ya vijiti kwa upande wa mguu wa mpigaji, hatoki, hata kama ungekwenda kubomoa vijiti vyote vitatu. Ukimgonga nje ya mstari wa vijiti kwa upande wa gongo naye akajaribu kweli kuucheza, hatoki. Haya yote yakishatimia, bado mwamuzi awe na uhakika kwamba mpira ungegonga vijiti. Akiwa na shaka, shaka hiyo ni mali ya mpigaji.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wa mchezo huu hulistaajabia. Mwamuzi haruhusiwi kumtoa mpigaji kabla hajaulizwa. Hata akiona kwa macho yake kwamba mpigaji ametoka, wasipodai wapinzani, yeye hunyamaza na mchezo unaendelea. Wabangladeshi walidai. Subhash Modi akalazimika kujibu, na jibu lilikuwa la aina mbili tu. Mwamuzi wa kriketi hana kadi ya njano, hana onyo la kwanza, hana njia ya katikati ya kumpa mwanawe nusu adhabu.

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema: huyo ni mzee mwadilifu. Ni kweli, na sifa hiyo asinyimwe. Lakini kuishia hapo ni kuliacha swali kubwa zaidi likipita: ilikuwaje baba akawekwa mahali pale?

Jibu liko katika utaratibu wa ICC. Katika mechi za siku moja, mwamuzi mmoja uwanjani hutoka nchi mwenyeji na mwingine nchi isiyohusika. Katika mechi za Test, zile za siku tano, ICC ilianza kumtaka mwamuzi mmoja asiyehusika mwaka 1994, na kuanzia 2002 wote wawili wakawa wageni. Mechi za siku moja zikaachiwa nafasi ya mwenyeji kwa sababu za gharama, na pia ili waamuzi wa kila nchi wapate mahali pa kukomaa. Utaratibu huo unafaa England au India, ambako waamuzi wa daraja la juu ni wengi. Kenya ilikuwa na wachache mno. Subhash Modi alikuwa akisimamia mechi za kimataifa za siku moja tangu mwaka 2001, na alikuwa miongoni mwa wenye uzoefu mkubwa zaidi nchini. Kumtoa yeye kwa sababu mwanawe yumo kikosini kungemaanisha kumweka asiyefikia uwezo wake. Wasimamizi wakachagua uwezo, na mtoto akabebeshwa mzigo pamoja na baba.

Mzigo huo una pande mbili. Baba akimpa mwana faida ya shaka, kama sheria inavyoagiza, nani ataamini kwamba ni sheria iliyosema na si damu? Akimtoa katika mpira wenye utata, nani ataamini kwamba hakutaka tu kuonyesha kuwa hapendelei? Mwana naye anacheza akijua kwamba uamuzi wowote utakaomnusuru utasemwa. Katika hali kama hiyo hata uamuzi sahihi kabisa hauwezi kusimama peke yake. Huo ndio udhaifu wa mpango ule, na ulimwangukia mtu aliyeweza kuubeba. Bahati ya namna hiyo si ya kutegemewa.

Huku Kiminini jambo hili halihitaji maelezo marefu. Timu ya hapa ikicheza na ya Kamukuywa, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, kitu cha kwanza mashabiki huulizana ni refa ametoka wapi. Mwalimu wa michezo akipuliza kipenga katika mechi ya shule yake, kila penalti ina maneno. Mashabiki wanaofanya hivyo wana sababu, kwani wameona mengi. Mwaka 2018 Wakenya walikuwa wakimsubiri Aden Range Marwa, mshika kibendera wao, apeperushe jina la nchi katika Kombe la Dunia la kandanda nchini Urusi. Siku chache kabla ya mashindano ikatoka video ya mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ikimwonyesha akipokea dola 600. Marwa akajiondoa, na shirikisho la kandanda Afrika, CAF, likamfungia maisha. Anayesimama kati ya timu mbili nchini Kenya hurithi shaka hiyo yote hata kama hajawahi kugusa senti ya mtu.

Turudi mwaka 2006, Jumapili tarehe 20 Agosti, uwanja wa The Oval, London. England na Pakistan walikuwa katika siku ya nne ya mechi ya nne ya Test. Pakistan walikuwa na nafasi nzuri ya kushinda. Mwamuzi Darrell Hair wa Australia, pamoja na mwenzake Billy Doctrove wa West Indies, waliutazama mpira na kuamua kwamba umeharibiwa makusudi. Kuukwaruza mpira upande mmoja huusaidia kupinda hewani, na ni kosa. England wakapewa mikimbio mitano ya adhabu na mpira ukabadilishwa.

Wapakistani hawakuelewa walivyohukumiwa. Hakuna aliyetajwa jina, hakuna kamera iliyomwonyesha mtu akiukwaruza mpira. Baada ya mapumziko ya chai, wakiongozwa na nahodha Inzamam-ul-Haq, walibaki chumbani. Waamuzi wakaingia uwanjani na wapigaji wa England, wakasubiri, wakatoka, wakarudi tena, kisha Hair akaondoa vipande vidogo vya mti juu ya vijiti. Mechi imekwisha, England wamepewa ushindi. Pakistan walipokubali kutoka chumbani, Hair alikataa kuirudisha mechi. Haikuwahi kutokea katika historia ya Test, iliyoanza mwaka 1877, kwamba timu inyang'anywe mechi kwa kutotokea uwanjani.

Kwa maandishi ya sheria, Hair alikuwa na mamlaka ya kila alichofanya. Mwezi uliofuata, msimamizi mkuu wa marefa wa mechi wa ICC, wanaosimamia nidhamu, Ranjan Madugalle, alimsikiliza Inzamam na kumwondolea tuhuma ya kuharibu mpira, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Alimfungia mechi nne za siku moja kwa kuuvunjia mchezo heshima. Yaani Pakistan walikosea kugoma, lakini kosa lililowafanya wagome halikuthibitika.

Kilichommaliza Hair kilikuja baadaye. ICC ilitangaza kwamba alikuwa ameandika barua pepe akisema yuko tayari kujiuzulu akilipwa dola 500,000. Novemba 2006 akaondolewa katika mechi za wanachama kamili wa ICC. Akafungua kesi ya ubaguzi wa rangi, kisha akaiacha. Mwaka 2008 akarudishwa kwa muda mfupi na mwaka huo huo akajiuzulu. Matokeo ya The Oval yenyewe yaligeuzwa na wakuu kuwa sare mwaka 2008, halafu mwaka 2009 wakayarudisha kuwa ushindi wa England. Hata chombo kinachotawala mchezo hakikujua kisimame wapi.

Hair alikuwa na historia, na hilo lilichangia. Tarehe 26 Desemba 1995, mjini Melbourne, alimwita Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka mrushaji haramu mara saba katika ova tatu, kila ova ikiwa mipira sita, akidai anakunja na kukunjua mkono. Muralitharan alizaliwa na kiwiko kisichonyooka kabisa. Baadaye vipimo vya maabara vilionyesha kwamba warushaji karibu wote hukunjua mkono kidogo bila macho kuona, na ICC ikaweka kiwango cha nyuzi 15 kwa wote. Muralitharan alistaafu akiwa na wiketi 800 za Test, nyingi kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana Hair aliposimama mbele ya timu nyingine ya Asia mwaka 2006 na kuitia hatiani bila ushahidi wa kuonyesha, watu wa Lahore, Colombo na Mumbai hawakuanza kumhukumu siku hiyo.

Hapa ndipo Nairobi na London zinapokutana. Subhash Modi alitoa uamuzi ambao kila mtu uwanjani aliweza kuupima: mpira huu, mguu huu, vijiti hivi, na gharama yake ikaingia nyumbani kwake mwenyewe. Hair alitoa uamuzi ambao ushahidi wake ulibaki mikononi mwake, na gharama yake ikawaangukia watu ambao tayari hawakumwamini. Mtu anaweza kubishana hadi usiku kuhusu nani alikuwa sahihi kisheria. Lakini uamuzi hukubalika pale mwenye kuhukumiwa anapoweza kuona njia iliyotumika kumfikia, na pale mwenye kuhukumu anapoonekana kwamba angepitia njia hiyo hiyo dhidi ya aliye wake. Hair aliijua sheria kuliko wengi, ila hakuliona hilo.

Si kila aliyeanguka alianguka kwa ukaidi. Steve Bucknor wa Jamaica alisimamia fainali tano za Kombe la Dunia kuanzia 1992, na kabla ya hapo alikuwa refa wa kandanda aliyepuliza hata mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Kwa miaka mingi alijulikana kwa kutokuwa na haraka. Alikuwa akisubiri, anaupitia mpira upya kichwani, kisha kidole kinapanda polepole. Januari 2008 mjini Sydney hakusikia mpira ukigusa gongo la Andrew Symonds wa Australia, aliyekuwa na mikimbio 30. Symonds aliendelea hadi 162 bila kutolewa, na mwenyewe akakiri kwamba aliugusa. India walipoteza mechi, wakalalamika, na Bucknor akaondolewa katika mechi iliyofuata ya Perth. Mwaka uliofuata alistaafu. Katika mambo yaliyowahi kufanywa na ICC, kumwondoa mwamuzi kwa shinikizo la timu tajiri ni miongoni mwa yaliyoacha kidonda kirefu, kwa sababu kila mwamuzi wa nchi ndogo alijifunza kwamba kosa lake litapimwa kwa ukubwa wa aliyekosewa.

Kosa la Sydney liliharakisha mitambo. Katikati ya mwaka huo huo wa 2008, Sri Lanka na India wakafanya majaribio ya mfumo wa kukata rufaa kwa video, na Novemba 2009 mfumo ukazinduliwa rasmi katika Test. Leo nahodha hufanya ishara ya herufi T kwa mikono, kamera na kompyuta zinachora njia ya mpira, na mwamuzi wa tatu aliye chumbani anatoa jibu. Na bado mitambo haikumfuta binadamu. Kompyuta ikionyesha kwamba mpira ungegusa kijiti kwa ukingo tu, uamuzi wa awali wa mwamuzi wa uwanjani ndio unaobaki. Fainali ya Kombe la Dunia ya 14 Julai 2019 huko Lord's, London, ilichezwa na mitambo yote ipo, na England wakapewa mikimbio sita katika mpira uliogonga gongo la Ben Stokes na kukimbilia mpakani. Mwamuzi wa zamani Simon Taufel alisema ilipaswa kuwa mitano. Kumar Dharmasena, aliyetoa ishara ile, alikubali baadaye kwamba alikosea baada ya kuiona kwenye televisheni, akasema hata hivyo hajutii, kwa kuwa uwanjani hakuwa na picha hizo. New Zealand walilikosa kombe kwa tofauti ndogo kuliko zote zilizowahi kuamua fainali.

Kisa cha baba na mwana nacho kilirudi. Mwaka 2020, janga la korona lilipozuia safari za ndege, ICC iliruhusu wasimamizi wa nchi mwenyeji wasimamie hata mechi za Test. Agosti mwaka huo, England ilipocheza na Pakistan mjini Manchester, refa wa mechi alikuwa Chris Broad na mmoja wa warushaji wa England alikuwa mwanawe Stuart. Stuart alimtolea Yasir Shah maneno mabaya baada ya kumtoa. Baba akamkata asilimia 15 ya malipo ya mechi na kumwekea alama ya nidhamu. Dunia nzima ikaandika juu ya jambo hilo kana kwamba halijawahi kusikika. Jina la Subhash Modi halikutajwa sana. England ilikuwa na sababu ya dharura. Kenya ya mwaka 2006 haikuwa na korona, ilikuwa na uhaba wa watu.

Na uhaba huo umezidi. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja, baada ya kushindwa kufuzu. Wachezaji walilia hadharani, na walistahili. Waamuzi waliumia kimya. Mwamuzi hukua kwa kusimama mbele ya warushaji wa kasi na wapigaji wa daraja la juu, mechi baada ya mechi. Nchi ikishuka, mechi hizo zinahamia kwingine na macho yanazoea mpira wa polepole. Jopo la juu la waamuzi la ICC lilianzishwa mwaka 2002, na hadi leo hakuna Mkenya aliyeingia.

Mlango uliobaki ni mechi za ova 20. Tangu Januari 2019 ICC imezipa hadhi ya kimataifa mechi hizo kati ya timu za taifa za wanaume za wanachama wake wote, na Afrika Mashariki imepata kalenda mpya: Kigali kwenye uwanja wa Gahanga uliofunguliwa 2017, Entebbe, Dar es Salaam, Nairobi. Uganda ilitumia kalenda hiyo kufika Kombe la Dunia la 2024 na kuishinda Papua New Guinea. Waamuzi wa Kenya kama David Odhiambo, Isaac Oyieko na Rockie D'Mello wamesimamia mechi za kimataifa kwa njia hiyo. Mechi nyingi za ngazi hii huchezwa bila mitambo ya kuchora njia ya mpira. Wako pale pale alipokuwa Subhash Modi: macho mawili, nusu sekunde, na kidole.

Kazi yenyewe haijawa nyepesi. Tarehe 23 Oktoba 2024, uwanja wa Ruaraka, Nairobi, Zimbabwe iliipiga Gambia mikimbio 344 katika ova 20, rekodi ya dunia wakati huo. Sikandar Raza alipata 133 bila kutolewa kwa mipira 43. Wapigaji wa Zimbabwe walivusha mpira juu ya mpaka mara 27, na kila mara mwamuzi aliinua mikono yote miwili kwa mwandika alama, akahesabu mipira ya ova, akageuka kuutazama tena mguu wa mrushaji kijana ambaye mikono yake ilikuwa imeshachoka. Katika mechi ya upande mmoja kama hiyo kishawishi cha kulegea ni kikubwa, na anayekosewa ndiye aliye dhaifu.

Waamuzi hao wanatoka wapi? Kwa sehemu kubwa wametoka katika vilabu vya Nairobi na Mombasa, ama walicheza, ama jamaa zao walicheza. Duara likiwa dogo hivyo, siku yoyote mwamuzi mwingine anaweza kujikuta akimkabili ndugu yake, mwajiri wake au rafiki waliyekua naye. Dawa yake ni kulipanua duara. Sheria za kriketi ziko 42, zinapatikana bure, na mtu anaweza kuzijua vizuri bila kuwahi kupiga mpira hata mmoja katika ligi. Mnamo Aprili 2019 Claire Polosak wa Australia alikuwa mwanamke wa kwanza kusimamia mechi ya kimataifa ya siku moja ya wanaume, Namibia dhidi ya Oman. Polosak hakuwahi kuwa mchezaji. Alisoma, akafeli mtihani wa waamuzi mara kadhaa, akarudia mpaka akapita.

Trans Nzoia na Bungoma zina walimu wengi wa hisabati na michezo wanaopuliza kandanda na hoki kila muhula, watu waliozoea kelele za mashabiki na wasio na jamaa hata mmoja katika timu ya taifa ya kriketi. Cricket Kenya, chama cha kriketi nchini, haihitaji kujenga uwanja huku ili kuanza kuwafundisha. Inahitaji mkufunzi mmoja, nakala za sheria, pedi na vijiti vya kuonyeshea, na darasa moja la shule ya Kiminini wakati wa likizo ya Agosti.